Kwa Nini Pombe ya Mgane Huwa Chachu

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Chengula ni kwamba mkewe, Tulakela, aliloweka ulezi. Aliupepeta, akautia katika chungu kipana, akamimina maji mpaka yakafunika punje, kisha akamwambia mumewe, "Usiusogeze. Kesho nitamwaga maji yake." Chengula alikuwa akichonga mpini wa jembe. Aliitikia bila kuinua uso. Kesho yake Tulakela hakuamka.

Nawasimulia haya kwa sababu wapo kati yenu mliotoka mbali. Mmepokea kata, mmekunywa, nami nimeziona nyuso zenu. Siwalaumu. Ila kabla hamjanong'onezana kuhusu mpishi, ni haki yenu kujua kwa nini pombe ya mgane, mume aliyefiwa na mke, huwa chachu katika bonde hili, na kwa nini hatuoni haya kuwapa wageni.

Zamani hizo pombe ilikuwa marufuku katika bonde la mto Lihuka. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya hapo watu walilimiana mashamba kwa pombe, waliposa kwa pombe, na waliogombana walipatanishwa kwa kunywa kata moja. Aliyefariki aliagwa kwa pombe. Waliochimba kaburi walinawishwa mikono kwa pombe, na huo ndio ulikuwa mkono wa kwaheri wa marehemu. Tulakela alikuwa mpishi wa misiba yote ya upande wa juu wa mto.

Kisha Luhala akafa. Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa mtawala wetu, Mtwa Mkongwa. Alitoka harusini, akapita juu ya gogo la kuvukia mto, akaanguka, maji yakamchukua. Wapo wanaosema alikuwa amelewa hajiwezi. Wapo wanaosema alikunywa kata moja tu. Sikuwapo, na waliokuwapo hawakukubaliana, kwa hiyo sitaamua. Linalojulikana ni kwamba gogo lilikatika katikati, na gogo halilewi. Wazee walikwisha kumweleza Mtwa kwamba limeoza, naye kila mara alijibu kwamba litabadilishwa baada ya mavuno.

Mtwa hakuweza kulihukumu gogo bila kujihukumu mwenyewe. Akakihukumu chungu. Alimzika mwanawe kwa pombe aliyoipika Tulakela, akainywa mbele ya watu wote, na tanga lilipoanuliwa akatangaza kwamba atakayepika tena atavunjiwa chungu na kufukuzwa ng'ambo ya mto, asirudi. Togwa aliiacha, kwa kuwa hunywewa na watoto. Lakini kimea cha togwa ndicho kimea cha pombe, na uji ni ule ule. Kinachotofautisha ni kungoja.

Basi watu wakangoja kwa siri. Vyungu vikahamia katika vichaka vya mianzi. Mtu aliyezoea kunywa kata mbili huku akizungumza na wenzake, sasa alikunywa nne kwa pumzi moja huku akisikiliza nyayo. Ugomvi ulizidi, na waliolala vichakani walizidi. Hakuna aliyetamka neno pombe. Walisema, "Karibu togwa," wakakonyezana. Tulakela peke yake alikataa. Aliipika togwa iliyokuwa togwa, na chungu chake kikubwa akakifudikiza uani. Alipoulizwa alisema, "Chungu ni changu. Siwezi kukiiba."

Siku alipozikwa, wachimba kaburi waliletewa maji. Walinawa. Lakini jirani wa Tulakela, bibi Semduba, hakujua kunyamaza.

"Maji!" alisema. "Huyu aliyetunawisha pombe sote, leo tumnawie maji kama watu wanaokwenda kula ugali?"

Chengula alimsikia.

Aliporudi nyumbani alimwaga maji ya ulezi kama mkewe alivyosema, akazifunika punje kwa majani, kisha akazisahau. Watu waliingia na kutoka kumpa pole. Alipokuja kufunua, vichipukizi vilikuwa virefu, vya kijani, vimesokotana kama nywele zisizochanwa. Semduba aliinama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hiki kimepita. Kimea hutolewa kikiwa kama jino la panya. Wamwagie kuku."

"Aliyeloweka ni yeye," alisema Chengula.

"Najua ni yeye. Lakini hakuloweka hivi."

"Ni hiki nilicho nacho."

Alikianika, akakisaga kwa jiwe la mkewe, vibaya, kwa mikono ambayo haikuwahi kushika jiwe hilo. Kisha alikwenda uani, akakiinua chungu kikubwa, akakibeba mpaka mbele ya nyumba, mahali ambapo njia ya kwenda kwa Mtwa hupita, akawasha moto. Semduba alimfuata akijishika kiuno.

"Mwanamume hapiki pombe, Chengula. Niachie mimi. Tena turudi uani."

"Ukipika wewe itakuwa nzuri."

"Sana!"

"Na utafukuzwa wewe. Kaa hapo, shemeji. Niambie tu nikikosea."

"Umeshakosea tangu majuzi," alisema Semduba, lakini akakaa.

Uji ulipikwa, ukapoa, kimea kikatiwa. Jioni ilikuwa togwa. Chengula angeweza kuigawa hapo hapo, watu wakanawa, wakaenda, na sheria ingebaki nzima. Aliiacha ingoje, pale pale njiani, bila hata kuweka ungo juu yake. Siku ya kuanua tanga ilipofika, harufu yake ilikuwa imeshuka mpaka mtoni.

Wa kwanza kufika kwa niaba ya Mtwa alikuwa mlinzi wake, Kiswaga, kijana ambaye Tulakela alikuwa amempokea siku aliyozaliwa. Aliegemeza mkuki wake ukutani kabla ya kuamkia.

"Kamwene, baba. Pole na msiba."

"Kamwene. Asante, mwanangu."

"Naona mmeandaa togwa."

"Juzi ilikuwa togwa."

Kiswaga aliwatazama watu waliokuwa wameketi, akashusha sauti. "Baba, pua ninayo, lakini si lazima niitumie. Sema togwa, niende zangu."

"Ni pombe. Mwambie Mtwa ni pombe, nimepika mimi, na leo tunaanua tanga la mke wangu. Mwambie anakaribishwa."

"Utavushwa mto. Na kaburi lake liko huku."

Hilo ndilo Chengula alilokuwa akilifikiri tangu alipokibeba chungu kukileta njiani. Angeishi wapi asikoweza kulipalilia kaburi lile? Alikoroga chungu kabla ya kujibu.

"Najua liliko. Nilikuwapo."

"Mkaidi wewe," alisema Kiswaga. "Haya, nipe nionje, nijue ninachokishtaki." Alionja. Uso wake ulijikunja mpaka macho yakapotea. "Baba! Hiki kinajishtaki chenyewe."

Watu walicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hata Semduba alicheka, akasema, "Nilimwambia awamwagie kuku."

Mtwa alikuja mwenyewe mchana. Alikuja kwa miguu, na alipotokea watu waliweka kata chini, wengine wakazificha nyuma ya migongo. Chengula hakuficha yake. Aliijaza nyingine, akaionja kwanza ili mgeni ajue haina sumu, akampa kwa mikono miwili. Mtwa alikunywa funda moja, akabaki ameishika.

"Hii si pombe," alisema. "Hii ni togwa iliyoharibika. Sina sheria juu ya togwa iliyoharibika."

Mtwa Mkongwa hakuwa mtu mbaya, na wasimuliaji wanaomfanya mbaya wanaiharibu habari hii. Alikuwa amefungua mlango. Ulikuwa mpana wa kutosha mtu kupita, mradi ainame.

"Ni pombe, Mtwa," alisema Chengula. "Mbaya, lakini ni pombe. Mke wangu hakukubali kuificha alipokuwa hai. Sitaificha mimi wakati hawezi kunikataza."

"Pombe iliniulia mwanangu."

"Mwanao aliuawa na gogo. Lilikuwa limeoza. Sisi tulijua na wewe ulijua. Ulipomzika ulikunywa pombe ya Tulakela mpaka machicha, mbele yetu, na hakuna aliyekuambia unawe maji. Leo ni zamu yake. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikishawanawisha watu hawa mikono. Lakini utanivusha juu ya gogo lile lile, kwa sababu mpaka leo umelifunga kamba tu."

Kiswaga aliutazama mkuki wake pale ukutani kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mtwa aliitazama kata. Kisha aliinua, akanywa, akaendelea kunywa, mpaka kikabaki kile kimea kibovu kilichoganda chini, nacho akakitafuna. Husemwa kwamba alilia. Kwa pombe ile, yeyote angetokwa na machozi, kwa hiyo huo si ushahidi. Ninachoweza kusema kwa hakika ni neno alilotamka, kwa kuwa hilo wote walikubaliana. Alinyoosha kata, akasema, "Ongeza."

Chengula aliongeza. Kisha aliwaita wachimba kaburi mmoja mmoja, akawamiminia pombe mikononi, na kila mmoja akaambiwa, "Tulakela anakushukuru." Mtwa alikaa mpaka mwisho. Aliposimama alitamka sheria mpya, na haikuwa ndefu. Apikaye apike mbele ya nyumba, njia imwone. Anywaye aketi na wenzake. Na pombe iitwe pombe. Gogo jipya lilikatwa kabla ya mavuno, na wa kwanza kulitia bega alikuwa Mtwa.

Na tangu siku hiyo, nyumba za bonde hili zina jiko la pombe mbele, si nyuma, hata pale ambapo wapita njia hutuona watu wasio na adabu. Tangu siku hiyo mpishi huonja kwanza. Na tangu siku hiyo, mke akifariki, mume wake ndiye anayepika, kwa ulezi ule ule ambao mkewe aliuacha, katika hali yoyote aliyouacha. Majirani wa marehemu hukaa pembeni, kama Semduba, kumwambia anapokosea, lakini hawamshiki mkono. Pombe hiyo hutoka mbaya. Ningeweza kuwaeleza kwa vipimo kwa nini kimea kilichopita hutoa uchachu huu, lakini hilo si swali la leo. Hakuna anayeruhusiwa kuisifu kwa uongo, wala kuiita kwa jina jingine, wala kuimwaga. Akimaliza kata, mwombolezaji husema neno moja tu, lile la Mtwa.

Wanangu walitaka tuagize bia za chupa kutoka mjini. Ni halali, zinapatikana, na ni nzuri kuliko hii. Nilikataa. Ulezi ulikuwa umeshalowekwa na mama yao.

Lakini sijamaliza habari ya Chengula. Watu walipokwisha kuondoka siku ile, alilala. Asubuhi iliyofuata aliamka, akakisugua chungu kipana kwa mchanga, akatoa ulezi ghalani, akaupepeta kama alivyokumbuka Tulakela akiupepeta. Aliutia chunguni, akamimina maji mpaka yakafunika punje. Akakiweka mbele ya mlango, mahali njia inapoonekana. Safari hii hakuchukua mpini wala kisu. Aliketi kando yake, akautazama.