Manyoya Kwenye Ufuta

Paukwa!

Pakawa!

Mbona pakawa yenu imelala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Hata nyinyi wakubwa mnaojifanya mmewaleta watoto tu.

Hapo zamani za kale, juu ya kilima cha mawe matupu, waliishi pimbi. Kilima kikavu hicho! Mahindi hayakui. Mihogo haikui. Kilichokubali ni ufuta tu. Pimbi asiyeuza ufuta hali, na watoto wake hawali. Na Mama Pimbi alikuwa na watoto, na ghala lake lilibaki na vumbi tupu.

Soko lilikuwa ng'ambo ya bonde. Mwenye soko ni Tembo. Mlangoni alikaa Kanga, kazi yake kukagua kila mzigo.

Mama Pimbi akaweka kata ya majani kichwani, akajitwika kapu. Teremka, teremka. Panda, panda. Jasho tiriri! Akafika. Kanga akadonoa, do! do! do! Akapiga chafya.

"Hachuu! Rudi!"

Tembo akamwonea huruma. "Pole, mama. Chukua boga hili, ukale na watoto."

Mama Pimbi akashukuru, na alishukuru kwa moyo. Boga likaliwa, likaisha. Njaa ikarudi pale pale.

Akachagua ufuta mzuri zaidi. Teremka, teremka. Panda, panda. Do! do! do!

"Hachuu! Rudi!"

Safari hii Mama Pimbi hakugeuka. Moyo unamdunda, du! du! du! Aliwafikiria watoto wake. Akaliweka kapu chini.

"Baba Kanga, unisamehe. Kurudi nitarudi. Lakini ufuta wangu una nini?"

Kanga akashangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema.

"Una manyoya, mama. Tazama."

Mama Pimbi akatazama. Kweli, manyoya ya kahawia! Akajitazama mgongoni. Lo! Ni yake mwenyewe!

Jamani, pimbi si mnawajua? Wanapenda kuota jua juu ya jabali. Na jabali hilo hilo ndilo waliloanikia ufuta. Hapa ufuta, hapa babu anajigeuza, hapa shangazi anajikuna, kwaru! kwaru! Walifanya hivyo tangu enzi za mababu, wala hakuna aliyeona kosa.

"Hatuna pengine pa kuanika, baba. Kwingine kote ni miiba."

"Basi nitakuja nione," akasema Kanga.

Na akaja kweli! Akaja kwa miguu, ingawa mabawa anayo, maana alitaka kuijua njia ya Mama Pimbi. Alipofika juu alikuwa anahema, ha! ha! ha!

"Mama, unapita hapa na kapu kichwani?"

"Kila siku ya soko, baba."

Kanga akalikagua jabali. Kisha akasema, "Leteni fito."

Wakajenga kichanja cha juu, wakatandika mkeka. Kanga akawaonyesha kupepeta na kuchekecha, che! che! che! "Mnaotaka kuota jua, jabali lenu lile pale!" Babu akanuna kidogo, akahama.

Lakini bado kulikuwa na ushuru. Kila anayeingia sokoni hutoa kapu moja, awe na makapu mengi au machache. Nyati mwenye msururu wa makapu hasikii kitu. Mama Pimbi mwenye kapu moja angebaki na nini? Semeni!

Kata tupu kichwani!

Naam. Kanga akamweleza Tembo. Tembo akatikisa masikio. "Pimbi wapite bure, mpaka watakapojiweza."

Nyati akafoka. "Na mimi je?"

"Nyati, ulipoanza kuuza wewe, mlango huu wa ushuru ulikuwepo?" akauliza Tembo.

Nyati akatazama kwato zake.

Siku ya soko, Kanga akadonoa. Do! do! do! Mama Pimbi akabana pumzi. Kanga naye akabana pumzi. Chafya haikuja.

"Pita, mama."

Akapita! Akauza, akanunua unga wa kujaza kapu. Akarudi mlangoni, akampa Kanga kashata za ufuta alizomtengenezea. Machozi yanamtoka.

"Baba Kanga, ahsante kwa mlango. Na zaidi, ahsante kwa kuja mpaka nyumbani kwangu."

Akaanza safari ya kurudi. Watoto wanamsubiri. Nje ya mlango akamkuta Digidigi analia, kunde zake zimerudishwa.

Mama Pimbi akaliweka kapu chini.

"Mwanangu, umeuliza zina nini?"

"Sijauliza, mama. Naogopa."

"Twende tukaulize pamoja. Halafu nitakuja kwenu nione."

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa. Ukimpa mnyonge chakula umefanya vyema, lakini mwonyeshe pia kinachomzuia, na umpunguzie mzigo mpaka asimame. Na wewe uliyesaidiwa, shukuru kwa kumsaidia anayekuja nyuma yako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kashata zilizobaki gawaneni, na mkubwa yeyote asiwapunje watoto.