Kigoda cha Hapana

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Hadithi hii ni nzito, haibebwi na mtu mmoja. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kando ya msitu. Mbele mashamba ya mtama, nyuma miti, juu Mungu. Watu wake walikuwa warina asali. Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Kabula, na binti yake mmoja, Milembe. Mume wa Kabula alipanda mninga kurina asali. Tawi likalia kwaa! Mtu akaanguka puu! Hakuamka tena. Aliacha mke, mtoto mgongoni, na mizinga mitatu.

Mizinga hiyo haikuwa ya kuchukua na kuweka uani. Ilikuwa ndani ya ubia wa kijiji. Na ubia huo aliuanzisha Mzee Lugusha, ambaye ndiye nataka mumkumbuke.

Kabla yake, kila mtu alitundika mizinga yake peke yake. Huyu kilimani, huyu bondeni. Moto ukipita kilimani, wa kilimani analia. Maua ya bondeni yakinyauka, wa bondeni analia. Lugusha akasema, "Kwa nini tulie kwa zamu? Tutundike pamoja, kila mahali. Aletaye mzinga ana hisa. Asali ikirinwa, kila hisa ipate fungu lake."

Watu wakakubali. Akaweka na masharti. Asali ni ya kula na kuuza. Nta haiuzwi, nta inarudi msituni, inapakwa ndani ya mizinga mipya ili nyuki wasikie harufu waingie. Na masega yenye majana, watoto wa nyuki, hayakatwi hata mtu awe na njaa ya namna gani. Wakatunga wimbo wa kurinia:

Asali kula,
nta rudisha,
majana usiguse.

Mwaka wa kwanza fungu lilikuwa la kulamba kidole. Masele, mtu wa maneno mengi, akasema, "Mzee, hisa yangu imeingia kwenye jino bovu, siioni."

Watu wakacheka. Lugusha naye akacheka. "Ngoja, mwanangu. Mti hauvutwi ukakua."

Nta ikarudi msituni. Mwaka uliofuata, nta ikarudi. Mizinga ikazaa mizinga. Waliolamba vidole wakaanza kujaza vibuyu. Wakaozesha wana wao kwa asali, wakavisha wazee wao kwa asali. Na Kabula mjane, kwa mizinga mitatu aliyoachiwa, hakuwahi kwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Kila mavuno yalipokwisha, wenye hisa walikutana uani kwa Lugusha. Huyu anasema maua yamechanua wapi. Huyu anasema nyegere amebomoa mzinga upi. Huyu anataka waongeze mizinga mtoni, yule anataka waipunguze. Na katikati yao palikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Jina lake Kigoda cha Hapana.

Sikilizeni desturi yake. Hakuna neno lililopita pale kabla mtu mmoja hajakaa juu ya kigoda na kulipinga kwa nguvu zake zote, hata kama moyoni analipenda. Na aliyekalia kigoda hakasirikiwi.

"Mkiona mmekubaliana wote upesi, ogopeni," Lugusha alisema. "Kondoo nao hukubaliana. Hufuatana mpaka mtoni, wakazama wote."

Mwanzoni walikaa kwa zamu. Lakini kumkatalia shemeji yako mbele za watu si kazi nyepesi. Mmoja akasema mgongo unamuuma. Mwingine akasema yeye hana maneno. Mwisho wakasema, "Mzee, kaa wewe. Wewe unajua kukataa."

Lugusha akakaa. Mwaka huo akakaa, na mwingine akakaa, na mwingine. Ikawa furaha ya kijiji. Alivimbisha mashavu, akapiga fimbo chini, ndi! ndi! "Hapana!" Watoto nyuma ya ua wakaitikia, "Hapanaaa!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaamua walivyokuwa wamekwisha kuamua. Kabula naye alicheka. Hapo ndipo kosa lilipoingia, polepole, kama mchwa ndani ya nguzo. Nje nguzo inang'aa.

Paukwa!

Pakawa!

Mvua ikakataa. Msimu ukapita, haikunyesha. Msimu wa pili ukapita, haikunyesha. Mtama ukakauka kabla haujashika mbegu. Watu waliomba, tena waliomba kwa machozi. Mbingu ilikuwa nyeupe tu. Milembe alikuwa ameanza kukimbia na wenzake; akaacha kukimbia, akawa anatembea. Akaacha kutembea, akawa anakaa mlangoni.

Ndipo akaja mgeni mwenye punda. Punda wamebeba mtama. Mgeni akasema, "Nanunua mizinga yenu yote, na asali yake na nta yake. Kila hisa kikapu cha mtama. Wenzenu wa ng'ambo wameuza jana. Nyuki wanahama, jamani. Kesho hisa yako itakuwa gogo tupu."

Maneno yakaenea, nyumba hadi nyumba. Nyuki wanahama. Nyuki wanahama. Hakuna aliyekwenda msituni kutazama.

Wakakutana uani. Masele akasimama. "Ndugu zangu, tuuze leo. Tukingoja, kesho atatoa nusu kikapu, keshokutwa atatupa kamba ya punda."

Lugusha akakaa kigodani. "Hapana," akasema. "Nyuki wa kilimani hawajahama. Nimekwenda mwenyewe, nimetega sikio. Wamo ndani, mmmm, mmmm. Wamepungua, lakini wamo. Tuuze asali iliyoko ghalani, tugawane mtama huo kwa vijiko. Mizinga tusiiguse. Ukiuza mzinga na nta yake, mvua ikirudi utawaita nyuki kwa kitu gani?"

Masele akapiga makofi. "Mnamwona babu! Mwaka huu amekataa vizuri kuliko mwaka jana!"

Watu wakacheka, kicheko kikavu cha njaa. "Haya mzee, kazi ya kigoda umeimaliza. Inuka tukauze."

Lugusha akainuka. Akasogea kando ya kigoda, akasimama kwa miguu yake.

"Sasa sijakaa," akasema. "Hiki ni kinywa changu. Hapana."

Kabula alikuwa karibu naye. Aliona midomo ya mzee inatetemeka, akajua kwamba huyu hachezi. Alijua, wanangu. Lakini alimfikiria Milembe mlangoni, akatazama chini.

"Hata akisimama bado ana mzaha!" akasema Masele. Wakatawanyika kwenda kutafuta vikapu.

Desturi ilikuwa kwamba asiyetaka kuuza atengewe mizinga yake. Lugusha wakamtengea ile ya kilimani, iliyo mbali na isiyo na mpandaji. Yeye akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Kabula. Akamkuta na kikapu mkononi.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Baba, unajua ninakokwenda."

"Usiuze leo. Subiri."

"Baba, mtoto hali subira."

Mzee akamtazama Milembe pale mlangoni. Nzi alikuwa usoni mwake, naye hana nguvu ya kumfukuza. Lugusha alikuwa na maneno mengi ya kigodani. Hakutumia hata moja.

"Kweli," akasema. "Hali. Basi atakula kilicho changu."

Kabula akaweka kikapu chini. Mizinga yake mitatu nayo ikatengwa kule kilimani.

Mzee akabadili kwa mgeni fungu lake la asali ya ghalani, akapata mtama kidogo. Kila asubuhi akaja na kibuyu cha uji.

"Mchumba wangu ameamkaje?"

"Sikutaki," Milembe anajibu. "Huna meno."

"Meno ya nini, na tunakunywa uji?"

Mtoto anakunywa, go, go, go. Kabula anauliza, "Na wewe, baba, umekula?"

"Nimekula."

Asubuhi nyingine akauliza tena. "Nimekula, mwanangu." Baadaye Kabula akaacha kuuliza. Aliona mifupa ya mabega ya mzee. Aliona anavyokaa njiani kupumzika, mahali ambapo zamani alipita akipiga mluzi. Lakini mtu haulizi jambo ambalo jibu lake litamlazimu kurudisha kibuyu.

Na kule msituni? Waliouza waliwasha moto. Wakafukiza, wakakata asali, wakakata nta, wakakata majana pia, maana mgeni alikuwa na haraka nao walikuwa na njaa. Nyuki wakainuka, vuuuuu! Wakapita juu ya kijiji kama moshi, wala hawakutazama nyuma. Mgeni akapakia punda wake. Kwata, kwata, kwata, akapotea.

Kikapu cha mtama ni kikapu, si shamba. Kikaisha. Hapo mauti yakaanza kupita mlango kwa mlango. Alikufa mama wa huyu, akafa mtoto wa yule. Mke wa Masele akafa. Walizika katika makaburi mafupi, kwa sababu hapakuwa na mikono ya kuchimba marefu.

Asubuhi moja kibuyu hakikuja. Kabula akangoja. Jua likapanda. Akamfunika Milembe kanga, akaenda.

Alimkuta Lugusha uani kwake. Alikuwa ameketi juu ya Kigoda cha Hapana, mgongo ukutani. Kibuyu kilikuwa mapajani, kimejaa, kimefunikwa kwa jani. Uji ulikuwa umepoa, na mzee alikuwa amepoa. Kabula akamshika bega. Alikuwa mwepesi kama mzinga uliohamwa.

Kabula hakulia hapo. Alichukua kibuyu, akakipeleka nyumbani, akamnywesha mtoto mpaka tone la mwisho. Kisha akatoka nje, akalia.

Walimzika. Haikupita muda mrefu, mvua ikanyesha. Msiniulize kwa nini haikunyesha kabla. Hayo ni ya Mungu. Nami huuliza katika sala zangu, na bado nangoja.

Lugusha hakuwa na mtoto. Hisa zake zilirudi katika ubia, na katika ubia alibaki Kabula peke yake. Maua yalipochanua, akapanda kilimani kwa miguu yake. Akatega sikio kwenye mzinga wa kwanza. Mmmm. Akatega kwenye wa pili. Mmmm. Akapaka nta kwenye mizinga mipya, na makundi yakagawanyika, yakaingia.

Siku moja mtu akasimama nje ya ua. Kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Hodi, mama Milembe."

"Karibu, Masele."

Hakuingia. "Sikuja kuomba asali. Nimechonga mzinga. Nyuki wanapita, hawaingii. Nimekuja kuomba nta, hata ya ukucha."

Kabula akamtazama. Angesema hapana, nani angemlaumu? Akaingia ndani, akatoka na kipande cha nta, akakivunja, akampa nusu kubwa.

"Asali kula," akasema Kabula.

"Nta rudisha," akasema Masele. Neno la tatu lilimshinda. Akafunika uso kwa mkono ulioshika nta ile.

Wengine nao wakaja, mmoja mmoja, kila mtu na gogo lake. Ubia ukaamka. Mavuno yakapita, wakakutana tena katika ua ule ule. Kabula akaleta kigoda, akakiweka katikati.

"Masele, kaa."

"Mimi? Mimi sina uso wa kukaa hapo."

"Ndiyo maana nakuambia ukae. Mimi nasema mizinga yote tuipeleke kilimani, kule nyuki walikobaki. Haya, nikatalie."

Masele akakaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Hapana. Moto ukipita kilimani tutabaki na nini? Mzee alisema kila mahali."

Hakuna aliyecheka. Kabula akamwuliza, "Hayo ni ya kigoda, au ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi tumesikia. Tutatundika kila mahali."

Tangu siku hiyo ikawa desturi: hakuna anayekalia kigoda mikutano miwili mfululizo, na kila anayeinuka huulizwa swali hilo mbele ya wote. Hayo ni ya kigoda, au ni yako? Akisema ni yangu, watu hurudi kuketi, wanaanza upya.

Milembe alikuwa mapajani mwa mama yake, anakula asali kwa kidole. Akainua kichwa.

"Mama, babu alikuwa ananiletea uji. Yeye alikuwa anakula nini?"

Wote wakamtazama Kabula.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sikumwuliza."

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Tangu utotoni tunaambiwa subira huvuta heri. Ni kweli. Lakini heri huvutwa kwa kamba, na kamba huchuna mkono wa mtu. Ukila matunda ya miaka mingi, uliza ni mkono wa nani uliochunika. Na ukiwa na wenzako katika jambo moja, msimwachie mtu mmoja kazi ya kusema hapana. Mtaizoea sauti yake, na siku atakaposema kweli mtasikia wimbo. Mungu amlaze Mzee Lugusha mahali pa kushiba.

Hadithi yangu imekaa kigodani, haiinuki tena. Imeishia hapo.