Vyungu Viwili vya Redio

Mwenye vyungu viwili hajui kipi kimetiwa chumvi. Mmeisikia hapa barazani, mkauliza ni mpishi gani huyo mzembe. Hakuwa mpishi, wanangu. Methali hii ilizaliwa ndani ya kompyuta ya redio ya mtaa wetu, na ilikuwa hivi.

Kompyuta ilikuwa moja, lakini ndani yake mlikuwa na mazingira mawili ya kuandikia amri, mfano wa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Saumu, msafishaji wa sauti, alikuwa na chumba chake. Makame, mrusha vipindi, na chake. Kila chumba kilikuwa na namna yake ya kuitaja njia ya faili. Makame akiandika njia kama alivyotajiwa na Saumu, anajibiwa hakuna faili kama hiyo. Badala ya kuuliza upande wake inaitwaje, akazoea kunakili kwa flashi. Flashi inatoka kwenye kompyuta, inarudi kwenye kompyuta ileile, kama mtu anayezunguka mtaa mzima ili atoke sebuleni aende uani.

Basi wiki moja wakamrekodi Bi Kazija, mpishi wa shughuli, ambaye mwanawe alikuwa anaoa Jumapili. Alieleza mapishi vizuri. Mwishoni, akidhani kinasa sauti kimezimwa, akasema, "Mama mkwe wa mwanangu, pilau lake hata paka hulipita kwa adabu."

Siku ya kipindi akaja mbio. "Saumu mwanangu, yale maneno ya paka yakitoka, harusi sina."

"Nimeshayakata, Bi Kazija. Kaa unywe chai."

Kweli alikuwa ameyakata. Lakini Makame alikwishanakili asubuhi, kabla ya kisu kupita.

Kipindi kikaanza. Mtaa mzima umefungulia redio, na mama wa bibi harusi kawaalika majirani wasikilize. Kinakaribia mwisho, Saumu akasikia redioni kikohozi cha Bi Kazija. Akaweka kikombe chini.

"Makame, hicho kikohozi mimi nilikikata."

"Kwangu kipo."

"Unarusha faili ipi?"

"Yangu."

"Iliyokatwa ni yangu."

Bi Kazija akashika kichwa. Redioni sauti yake mwenyewe ikaendelea kwa raha zake: "Mama mkwe wa mwanangu, pilau lake..." Hapo Makame akaibana sauti na kutupia wimbo.

"Nipe flashi ninakili upya," akasema.

"Usinakili tena," Saumu akamwambia. "Diski ni moja hii. Njia yangu inaanzia kwangu, yako inaanzia kwako, lakini zote zinafika kwenye kabati lilelile. Sogea." Akaingia chumba cha Makame, akaitafuta njia ya upande ule, na faili yake ikaonekana pale pale ilipo, haijahamishwa hata kidogo.

"Kwani kompyuta si moja?" Bi Kazija akauliza.

"Moja, Bi. Faili ndizo zilikuwa mbili."

"Basi mwenye vyungu viwili hajui kipi kimetiwa chumvi. Kuna ugumu gani kupikia kimoja, kila mtu na mwiko wake?"

Simu ya redio ikalia. Alikuwa mama wa bibi harusi. Anauliza, pilau lake limefanyaje? Saumu akamtazama Bi Kazija, Bi Kazija akautazama ukuta. Kisha Bi Kazija mwenyewe akaivuta maikrofoni.

"Pilau lake, wasikilizaji, halina mfano."

Nasikia kule kwa majirani vilipigwa vigelegele. Yule mama akafurahi mno, akasema hangoji hata kuombwa. Pilau la Jumapili atalipika yeye mwenyewe, sufuria zote.

Tangu hapo Saumu na Makame wakaiacha faili mahali pamoja, kila mmoja akiifikia kwa njia yake, na kikikatwa kitu kimekatwa kwa wote. Flashi wakaigeuza ya nyimbo.

Harusi ikafana. Sinia likatua mbele ya Bi Kazija, wakwe wote wakimtazama, akala mpaka mwisho na kuomba aongezwe. Makame alipoinama kumpa pole, akamjibu huku anatafuna, "Kula, mwanangu. Na kila tonge ujiambie: mwenye vyungu viwili hajui kipi kimetiwa chumvi."