Nguchiro na Ruta ya Kabatini

Hapo zamani za kale, wanangu, ila si kale sana, maana intaneti ilikuwa imeshafika, Nguchiro alipanga chumba cha uani kwa Mzee Kiboko.

Nguchiro alikuwa akicheza gemu la mpira mtandaoni. Timu yake ilikuwa Bondeni, na nahodha alikuwa Kicheche, mkali kama pilipili. Shida ilikuwa moja tu. Kila Nguchiro alipolikaribia goli, picha iliganda. Tii. Ikirudi, mpira uko kwa wapinzani.

"Hii ni mara ya tatu," Kicheche alimwambia kwa simu. "Jumamosi saa kumi tunacheza na Ng'ambo. Ukiganda tena, nafasi yako nampa Fuko."

"Fuko haoni, nahodha."

"Haoni, lakini hagandi."

Nguchiro alijua ugonjwa ulipo. Ruta, kile kiboksi cha kusambaza intaneti nyumbani, ilikuwa chumbani kwa Mzee Kiboko, ndani ya kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya birika, imefunikwa kitambaa alichokifuma Mama Kiboko kwa mkono wake. Katika nyumba ile kila kitu cha thamani kilifunikwa. Televisheni ilifunikwa, redio ilifunikwa, makochi yalifunikwa. Basi na intaneti nayo ikafunikwa. Ilitoka humo ikihema, ikapenya kuta mbili, ikamfikia Nguchiro imechoka.

Mara ya kwanza alisema kweli.

"Shikamoo, mzee. Naomba ruta itolewe kabatini, iwekwe juu, katikati ya nyumba. Hapo ilipo haipumui."

"Marahaba. Kwani ina pua?" Kiboko aliuliza, huku akila tikiti. "Kitu cha thamani hukaa kabatini. Ndivyo nilivyolelewa."

Nguchiro akarudi chumbani amenuna. Angeweza kumwendea Mama Kiboko, mwanamke mwelewa, akamweleza vizuri. Hakwenda. Hapo ndipo mimi ninapomlaumu, maana wajanja wana haraka ya kudanganya hata pale ambapo kuomba kungetosha.

Kesho yake akaja tena, uso ameukunja kama mleta habari za msiba.

"Mzee, nimesikia jambo dukani, naona haya kulisema."

"Sema."

"Jirani yetu Nyati anasema kwako hakuna intaneti. Anasema ingekuwapo, angeiona."

Kiboko akasimama, kochi likalia kwaa. "Nyati kasema hivyo?"

"Na wenzake wakacheka."

Chai haijapoa, ruta ilikuwa imeshatolewa kabatini na kupandishwa kwenye kibao juu ya ukuta wa sebule, mkabala na mlango, taa zake zikipepesa.

"Na kitambaa changu?" Mama Kiboko akauliza.

"Kikizifunika taa, mama, Nyati ataziona vipi?" Nguchiro akajibu.

Kitambaa kikaenda kufunika feni.

Ukabaki waya. Gemu la kuchezwa kwa waya halikwami ovyo kama la kutegemea hewa, na Nguchiro alilijua hilo vizuri. Akaja na waya mrefu begani.

"Sasa kila mtu anaiona, mzee, hata mwizi. Tuifunge na waya huu. Ncha moja tuichomeke kwenye ruta, nyingine ikae chumbani kwangu. Mwizi akivuta, mimi nitajua, nitatoka mbio."

Kiboko akafikiri, akaridhika. "Una akili, mwanangu. Funga."

Kachi. Waya ukaingia.

Jumamosi saa kumi mchezo ukaanza. Ulikwenda laini kama mlenda. Nguchiro akafunga la kwanza, akafunga la pili. Ng'ambo wakarudisha yote mawili. Dakika ya mwisho akampiga chenga beki, akampiga chenga kipa, goli likabaki wazi.

"Piga," Kicheche akamnong'oneza kwenye spika za masikioni.

Wakati huohuo, sebuleni, Mzee Kiboko alikuwa amesimama chini ya ruta. Alikuwa akiwaza kwamba mlinzi asiyejaribiwa hajulikani kama ni mlinzi. Akaushika waya, akauvuta. Na Kiboko hajui kuvuta kidogo.

Chwap. Waya ukachomoka kwenye kompyuta ya Nguchiro, ukatambaa chini ya mlango, ukaenda zake. Picha ikaganda.

Nguchiro akatoka mbio, macho yamemtoka. "Nani amevuta?"

Kiboko akamtazama kwa furaha ya kweli. "Mimi. Nilikuwa nakupima. Mama Kiboko, umeona? Sijahesabu hadi tatu, ameshafika. Huyu ndiye mlinzi."

Nguchiro akainama, akaiokota ncha ya waya. Akisema ameharibiwa mchezo, ataulizwa waya ule ulikuwa wa nini. Moyo ulimuuma sana, wanangu, lakini hakuwa na pa kuuweka.

"Asante, mzee," akasema.

"Hodari sana. Nitakupima kila siku saa kumi, usije ukazembea."

Chumbani simu ilikuwa ikiita. Alikuwa Kicheche, na hakuwa na maneno mengi: Nguchiro ametolewa timuni.

Hadithi yangu inakomea hapo, nanyi ondokeni na hili: ukidanganya ukaaminiwa, usilie ukitendewa kama ulivyosema.