Mkunjo wa Injini ya Kati

Asubuhi hiyo karakana ilikuwa na ndege tatu, na yeyote aliyeingia angejua mara moja ipi ni nyanya na zipi ni wajukuu. Mbili zilikuwa mpya, zimenawiri, kila moja ina injini mbili nono zinazoning'inia chini ya mabawa kama ndoo mikononi mwa mchota maji. Ya tatu ilisimama pembeni, rangi imechujuka, matairi yamezuiwa kwa magogo. Hiyo ilikuwa na injini tatu, na zote zilijikusanya nyuma: moja ubavu wa kushoto, moja ubavu wa kulia, na ya kati imefichwa ndani ya mkia wenyewe. Mdomo wa hiyo ya kati ulikuwa juu, mgongoni mwa ndege, lakini injini yenyewe ilikaa chini. Hewa iliyoingia ilibidi ishuke kwa njia iliyopinda mara mbili, kama shingo ya bata anayejikuna.

Nje ya mlango mkubwa, lori la wakata vyuma lilikuwa limeshaegeshwa. Dereva wake alikaa ndani akinywa chai, miguu juu ya usukani. Alikuwa anasubiri karatasi moja tu, na karatasi hiyo ilikuwa mezani kwa mhandisi mkuu, ambaye mafundi walimwita Bwana Vipimo.

Jina hilo alipewa kwa kuwa hakuamini neno lolote lisilotoka kwenye kifaa. Hakuwa mtu mbaya. Tena alikuwa mdadisi tangu utoto: alifungua saa ya baba yake aone kinacholia ndani, akachapwa, akangoja machozi yakauke, akaifungua tena. Ila alikulia kwenye ndege za injini mbili, akaamini kuwa lisilojulikana huko si la kujulikana.

Ndege ile kuukuu ilikuwa imepata mchumba. Daktari mmoja wa macho na wenzake waliitaka iwe hospitali irukayo. Mwezi uliopita daktari huyo alikuja na utepe wa fundi cherehani akapima vitanda vitakaa wapi. Kilichomvutia zaidi ni kwamba ndege ilikuwa na ngazi yake yenyewe nyuma, inayoteremka kama ulimi, kwa hiyo ingeweza kutua kwenye viwanja vidogo ambako hakuna hata ngazi ya kuazima. Angerudi kesho saa nne. Injini zote tatu zikinguruma sawasawa, ndege ni ya wagonjwa. Hata moja ikishindwa, ni ya lori.

Na ya kati ilikuwa inakohoa. Ikiwashwa taratibu ilitulia tuli kama maji ya mtungini. Ikiongezwa nguvu, ilipiga kishindo kimoja kizito, mkia ukatikisika, mafundi wakaziba masikio. Bwana Vipimo alisoma vipimo vyote, akabadilisha vifaa viwili, akapitisha kamera yenye shingo ndefu ndani ya njia ya hewa kutoka juu hadi chini. Kulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Basi akachukua karatasi akaandika: injini imekufa. Lakini sahihi haikutoka. Kutojua kwa nini imekufa kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Palikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Bi Mkiani alikuwa ameuhudumia mkia wa ndege ile miaka ishirini na saba. Wiki ya kwanza ya Bwana Vipimo kazini, mama huyo alimwambia, "Mhandisi, ile njia ya hewa huonwa kwa kiganja." Naye akamjibu mbele ya watu, "Mama, hapa tunapima, hatupapasi." Mafundi wakacheka. Siku chache baadaye Bi Mkiani alihamishiwa stoo, akawa anapanga boliti makoponi kwa ukubwa wake.

Saa tatu asubuhi Bwana Vipimo alisimama mlangoni pa stoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza." Akavuta kopo tupu, akalikalia. Alianzia mbali, kama mtu anayeogopa kugusa jipu. "Hivi kwa nini waliweka tatu? Si wangeweka mbili tu, au nne?"

Bi Mkiani akamtazama kuona kama ni dhihaka. Alipoona siyo, akaweka boliti chini.

"Kwa woga. Zamani injini zilikuwa zinazimika hewani. Ikawekwa sheria, ndege ya injini mbili isiende mbali na uwanja zaidi ya mwendo wa saa moja. Ukitaka kuvuka bahari, unapita pembeni pembeni kama mtu anayemkwepa mama mkwe. Nne nazo zinakunywa mafuta. Wakasuluhishana kwenye tatu."

"Na kilichoziondoa?"

"Ni kutulia kwa injini. Siku hizi moja inakaa miaka haijazimika, sheria ikalegezwa, za injini mbili zikavuka bahari. Sasa nani atalisha mdomo wa tatu, tena ulioko juu mkiani? Zilizobaki utazikuta zinabeba mizigo, au zinamwagia maji moto wa misitu. Na zile ndogo za wenye nafasi, kuna ambazo bado zinatengenezwa na tatu."

Bwana Vipimo aliitikia kwa kichwa. Udadisi ulikuwa umeshamtoa aibu. "Mama, nilikukosea mbele ya watu. Injini ya kati inakohoa, na mimi sijui sababu."

"Njia yake ya hewa umeingia?"

"Nimeiangalia kwa kamera."

"Sijauliza umeiangalia."

"Basi nimtume kijana mmoja aingie."

"Atakuletea habari, utasema kifaa hakijaonyesha." Bi Mkiani alisema bila ukali. "Mimi goti halipandi tena jukwaani bila kulia, na kupinda huko ndani siwezi. Anayetia sahihi ndiye aingie."

Wakaenda. Kwanza Bi Mkiani alihakikisha umeme wote wa ndege umekatwa, akatundika lebo nyekundu, ufunguo akautia mfukoni. Akapanda jukwaa ngazi kwa ngazi, akipumzika kila baada ya tatu. Juu akatandaza kitambaa.

"Vua viatu. Saa. Mkanda. Pete. Mfukoni una nini?"

Zikatoka kalamu mbili, simu, kitana, na pipi moja iliyolainika. Bi Mkiani akavipanga na kuvihesabu, maana kitu kikisahaulika humo huliwa na injini.

"Bosi," fundi wa matairi akaita kutoka chini, "tumbo nalo si ungelivua?"

"Wewe shughulikia mpira wako," Bi Mkiani akamjibu. Akamfunga mhandisi kamba ya usalama kiunoni. "Inama. Zaidi. Hapo bado umesimama, mwanangu. Haya, lala kifudifudi, tanguliza mikono. Ukifika kwenye mkunjo, zima tochi."

"Nizime?"

"Jicho litakudanganya."

Bwana Vipimo akajipenyeza, kidevu kinagusa bati. Kwenye mkunjo wa kwanza mabega yalikwama, akatoa pumzi yote ndipo akapita. Akazima tochi. Akapapasa bati taratibu, kiganja kizima, kama mtu anayempima mtoto homa. Baridi, laini. Akazunguka kushoto, juu, chini. Kisha, kwenye upinde wenyewe, bati lilibonyea. Akaliachia, likarudi. Akaingiza ukucha ukingoni, na ukingo ukainuka, upana wa kiganja, urefu kama toka kiwiko hadi kidole. Gundi ilikuwa imechoka. Alipoondoa mkono, ukingo ulilala tena kimya, pasionekane hata ufa.

Akauinua tena, akauachia tena, akaelewa. Injini ikizimwa, bati linalala, kamera inaona usafi. Injini ikivuta kwa nguvu, ukingo unainuka, hewa inajikwaa, na injini inapaliwa kama mtu anayekunywa maji huku anacheka.

"Mama," akaita, sauti ikitoka mbali kama ya mtu aliye kisimani, "sababu imo humu. Injini haijafa. Ilikuwa inapaliwa."

"Nivutieni miguu hiyo," Bi Mkiani aliwaambia mafundi.

Bati likabanduliwa, likasafishwa, likabandikwa na kufungwa upya siku hiyo hiyo, Bi Mkiani akielekeza kutoka kwenye kiti. Kesho yake saa nne daktari alisimama mbali, vidole masikioni. Za pembeni zikanguruma sawasawa, kisha ya kati ikawashwa, ikaongezwa nguvu, ikaongezwa tena hadi mwisho. Ikanguruma mfululizo, isikohoe hata mara moja. Bwana Vipimo akaichana ile karatasi, akatia sahihi nyingine. Dereva wa lori akamwaga masalia ya chai dirishani, akawasha gari, akaenda zake.

"Niulize," daktari alisema, "ndege kubwa za abiria zenye injini tatu zitatengenezwa tena?"

Watu wakamgeukia mhandisi mkuu. Zamani angekuwa na jibu kabla swali halijaisha.

"Sijui," alisema. "Ngoja tumuulize mama."

"Nami sijui," Bi Mkiani akasema. "Kwa maumbo haya tunayoyaona, mbili zinatosha. Yakija maumbo mengine, watahesabu upya, na huenda wakafika tatu. Tutakaokuwepo tutaona."

Bwana Vipimo akachuchumaa kando ya kiti chake, uso wake ukiwa chini ya uso wa mama yule, akauliza, "Na ile ya kushoto, mama, nikitaka kuijua kwa kiganja, tuanzie wapi?" Kwa maana alikuwa amekwisha kujifunza kwa magoti na viwiko vyake: mtaka cha mvunguni sharti ainame.