Kwa Nini Kwetu Mzee Husalimiwa kwa Kifundo cha Mkono

Mnamcheka babu yenu kwa sababu leo tena ameinunia mboga? Haya, kaeni chini niwaambie kwa nini kwetu mzee akisalimiwa hashikwi kiganja, anashikwa kifundo cha mkono. Na wewe babu yao, acha kusonya, nasimulia.

Zamani hizo, watu wa hapa chumvini walisalimiana kwa kiganja kama watu wengine wote. Kifundo kilikuwa cha mchezo. Wanaume wakimaliza kupika chumvi walishikana vifundo, wakatafuta pale damu inapodunda, na ambaye damu yake iligonga kwa nguvu kuliko wote ndiye aliyeitwa dume. Nyabenda, mzee mwenye mvi kichwa kizima, aliwashinda hata vijana. Alitamba huyo! Mkewe Zaninka naye akaona fahari, akawa anamzidishia chumvi kwenye mboga ili nguvu zisipungue.

Kazi ya Nyabenda ilikuwa kukamua mfuko wa ngozi kule kisimani, ili maji ya chumvi yapite kwenye bomba refu la ngozi ya mbuzi hadi kwenye vyungu vya Zaninka vya kuchemshia chumvi. Bomba lilipokuwa jipya lilikuwa laini. Akikamua, linatanuka kidogo, kisha linarudi, na maji yanafika chunguni taratibu. Miaka ikaenda, chumvi ikaganda ndani, ngozi ikakakamaa. Nyabenda akawa anakamua kwa nguvu zaidi, anahema, na maji yanatoka kwa kishindo. Siku moja yakavunja chungu. Kesho yake, viwili.

Zaninka akapanda kisimani amefura kwa hasira. Akaweka vidole juu ya bomba. Ngozi haikutanuka hata kidogo, ila ndani maji yaligonga, du, du, du. Akashtuka, maana pigo hilo alikuwa analijua. Akamwendea mumewe, akamshika kifundo. Ni lile lile.

"Mume wangu, hizi si nguvu," alisema. "Mishipa yako imekakamaa kama hili bomba. Pumzika, nakuomba."

"We mama nawe! Unaogopa damu ya dume?" Nyabenda akacheka, akaendelea kukamua.

Jua halijafika utosini, akaanguka. Hakufa. Lakini mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na hakuweza kutamka hata neno moja. Zaninka alimtunza miaka minne. Alimpikia mboga isiyo na chumvi, akamtembeza polepole kila asubuhi hadi kisimani na kurudi, na damu ikatulia. Sauti haikurudi. Kila akimlisha, mama wa watu alimbembeleza, "Nitukane basi. Sema hata kwamba mboga ni mbaya." Nyabenda alimtazama tu, machozi yakimtoka.

Na tangu hapo, kwetu hakuna anayemsalimia mzee bila kumshika kifundo na kutulia kidogo, asikilize. Damu ikigonga kwa nguvu, hatumwiti dume. Tunampunguzia chumvi, tunamtembeza, na aking'aka tunamwacha ang'ake.

Basi mmesikia. Babu yenu anasema mboga haina ladha, anasema namtesa, anasema angeoa mwingine. Mwacheni aseme. Haya, mume wangu Baba Bukuru, lete mkono. Na uendelee kulalamika, nakusikia.