Sehemu Iliyopewa Jina la Mwenyekiti

Chemba ya majitaka ilipasuka mbele ya nyumba ya Bi Rukaiya, na dimbwi likaanza kunyemelea jiko lake. Kila alipokwenda kwa Bwana Lyatuu, mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, alijibiwa kwamba kamati inalifanyia kazi. Safari hii alikwenda akitabasamu.

"Mwenyekiti, leo sikuleta lawama. Majirani tunataka sehemu moja ya mtaa huu iitwe kwa jina lako."

Bwana Lyatuu akaweka kikombe chini. "Mimi tena? Ni sehemu kubwa?"

"Kubwa, na inazidi kutanuka."

"Watu wanapita?"

"Hapiti mtu bila kusimama kwanza."

"Mimi ni nani hata niikatae heshima ya majirani? Waambie na bodaboda, Bi Rukaiya. Wao ndio wanaosambaza majina."

"Hao ndio nitakaoanza nao."

Jumamosi iliyofuata, wageni walikuwa njiani kuja kumposa binti wa Bwana Lyatuu. Nyumba nzima ilinukia pilau. Mara simu ikaita, alikuwa mshenga.

"Mzee, tumewaambia bodaboda watupeleke kwa Lyatuu, wametushusha hapa. Tumeshavua viatu na kukunja suruali. Sasa tuvukie upande gani?"

Bi Rukaiya ndiye aliyewapa wageni maji ya kunawa miguu. Kabla hawajamaliza kunawa, mafundi wa chemba walikuwa wamefika, na mwenyekiti mwenyewe, ndani ya kanzu yake mpya, alikuwa anawashikia koleo.